Vasi Mbili za Shaba za Mzee Bao

Nilimkuta baba mkwe wangu amepiga magoti jikoni, mfarishi wake wa baridi umetandazwa sakafuni, nyundo mkononi. Alikuwa ameiingiza vasi ya kauri nyekundu katikati ya mikunjo ya mfarishi, na kabla sijafungua mdomo akapiga. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai. Akapiga tena. Halafu akanitazama kama mtoto aliyefumaniwa anaiba sukari.

"Funga mlango, Suyun," akasema. "Funga upesi."

Nikafunga, nikauegemea kwa mgongo.

Ili uelewe nilichokiona, inabidi umjue Mzee Bao Yanting. Ukoo wake ulikuwa wa wauza chai. Chai ilikwisha, mashamba yakachukuliwa, na kilichobaki ni nyumba ya kuta ndefu karibu na mto, na vasi zake. Alianza kuzikusanya akiwa kijana. Hiyo nyekundu aliipata mji wa Hangzhou kwa mtu aliyekuwa akihama, akaipakata kwenye mashua mpaka nyumbani, hakuiweka chini hata alipokula. Wala hakuwa mtu wa kufungia vitu kabatini. Kila msimu ulikuwa na chombo chake. Joto likianza alitoa za kauri, akazijaza maji na kuweka ua moja la yungiyungi au majani matatu ya mwanzi. Baridi ikiingia alizirudisha, maana maji yakiganda hupasua kauri, akatoa zile mbili za shaba. Hizo zilikuwa za kale sana, zimelala ardhini miaka isiyojulikana, kijani na nyeusi kama ngozi ya chura. Alisema shaba iliyokwisha kula udongo huwapa maua uhai. Na kweli, tawi la mplamu lilichanua ndani yake mpaka wiki zikapita.

Angeweza kumaliza nusu ya asubuhi akizungusha tawi moja.

"Baba," nilikuwa nikimtania, "hilo tawi likichoka litaomba kiti."

"Halijakaa," angejibu bila kugeuka. "Likikaa utaliona mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka sita. Mume wangu, Shiheng, alikuwa akifundisha mji wa Hefei, akija nyumbani sikukuu. Mama mkwe alishafariki. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na mzee, na tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba nilijua kwa kikohozi chake kama amelala vizuri.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, joto la mwisho wa kiangazi. Vijana wa shule walikuwa wamevaa vitambaa vyekundu mikononi, wakajiita Walinzi Wekundu, wakawa wanaingia nyumba moja baada ya nyingine kutafuta vitu vya kale na kuviharibu. Kwa Daktari Xu, kichochoro cha chini, walimfungia vasi zake shingoni kwa waya, wakamtembeza mpaka akaanguka. Siku mbili baadaye mkewe alikutwa kisimani. Baada ya hapo mji mzima ulikuwa ukizungumza kwa kunong'ona, hata watu wakiulizana bei ya figili.

"Wakizikuta nzima ni kosa," mzee akaniambia pale sakafuni. "Bora wasikute kitu."

Akaivuta ya shaba, akaifunika kwa mfarishi, akapiga. Haikuvunjika. Ililia. Ililia kama kengele ya hekalu, sauti ikapanda ukutani, ikatoka kwa uwazi wa paa juu ya ua wa ndani, na mimi nikajirusha juu ya mfarishi kwa tumbo langu ili niizime.

Tulikaa hivyo, tunasikiliza kichochoroni. Mbwa alibweka. Mtu akapita akikokota ndala.

"Shaba haivunjiki, Baba," nikanong'ona. "Na hivi vipande utavipeleka wapi? Ukivitupa mtaroni, wataviona. Watauliza vimetoka nyumba gani."

Hakuwa amefikiria hilo. Aliangalia vipande vyekundu na vingine vya rangi ya maziwa, maana alikuwa ameanza kabla sijaingia. Kumbe alikuwa amezivunja zote za kauri isipokuwa ile kubwa ya buluu na nyeupe iliyokaa mezani sebuleni, upande wa mashariki wa saa, kioo kikiwa magharibi. Kila nyumba ya mji wetu ilipanga hivyo, na ile yetu ilijulikana na kila mtu aliyewahi kuja kunywa chai. Ikikosekana, ingeuliziwa.

Nikamnyang'anya nyundo. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumnyang'anya kitu.

Zile mbili za shaba nilizizamisha ndani ya mtungi mkubwa wa majani ya haradali yaliyolazwa kwenye maji ya chumvi yachachuke. Watu huweka mawe juu ya majani ili yakae chini ya maji. Mimi niliyatoa mawe, nikasukuma vasi mpaka katikati, nikarudisha majani na mawe juu yake. Vipande vya kauri nilivitia kwenye ndoo, nikavifunika kwa nguo chafu, nikatoka kuelekea mtoni.

Sikufika hata kona. Mama Wu, mjane jirani yetu aliyekuwa akitengeneza tofu, vile vipande laini vya soya, alitoka na kapu lake la nguo.

"Mke wa Shiheng! Leo unafua mawe? Mbona ndoo imekupinda mgongo kama bibi kizee?"

"Ni mashuka, Mama Wu. Yameloa."

"Mashuka yaloe kabla ya kufika mtoni? Basi wewe ni fundi." Akacheka, akashika upande mmoja wa mkono wa ndoo. "Twende wote. Siku hizi mtu asitembee peke yake."

Ningekataa vipi? Tulitembea tukiwa tumeibeba ndoo katikati yetu, na kila hatua vipande vilisema *kri, kri* chini ya nguo. Nilianza kuongea. Niliongea juu ya joto, juu ya mafua ya mzee, juu ya paka, sijui nilisema nini. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kiunoni. Mama Wu naye, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na pumziko, akawa kimya.

Kwenye ngazi za mto kulikuwa na wanawake wengine wakipiga nguo kwa marungu. Mama Wu akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye ndoo yangu avute shuka anisaidie. Akauacha mkono mle. Akainua pindo kidogo, kiasi cha upana wa vidole. Nikaona wekundu ule unang'aa juani, naye akauona. Akashusha pindo.

"Nguo zako zina madoa mabaya," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hapa maji ni ya kina kifupi. Nenda kule chini ya daraja, ndiko madoa yanakotoka."

Nikasimama. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta chini mpaka sikio langu likafika karibu na mdomo wake.

"Mimi sijaona kitu. Lakini wale watoto wakiniuliza, sijui mdomo wangu utasema nini. Unanisikia? Nina mabinti. Usije ukanilaumu."

Nilikwenda chini ya daraja, nikamwaga. Kauri haizami taratibu. Inakwenda mara moja, kama vile imeitwa.

Walikuja siku ya tatu, jua likiwa kali. Tulianza kusikia ngoma mwanzo wa kichochoro, halafu upatu, halafu viganja mlangoni. Hawakubisha kwa ngumi, walibisha kwa viganja vya mikono wazi, vingi kwa pamoja, na mlango mzima ukawa unatetemeka. Asubuhi ile nilikuwa nimefunua mtungi wa haradali kuangalia, nikakuta maji yamegeuka rangi. Yalikuwa ya kijani ya buluu, kama maji ya rangi ya kutia nguo. Chumvi na ukali wa mtungi vilikuwa vinaila shaba. Kijijini kwetu familia moja iliwahi kula siki iliyolala kwenye sufuria ya shaba, na mtoto wao mdogo hakuamka. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Nilijiambia nitayamwaga jioni, watu wakiwa kwenye mkutano. Jioni haikufika.

Aliyewaongoza alikuwa Ye Lanzhi. Alikuwa na miaka kumi na saba, nywele amekata usawa wa masikio, mkanda wa ngozi kiunoni. Alikulia nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama yake alipokuwa anaumwa, mtoto huyu alikula kwetu mwaka mzima, uji wa mchele na haradali yangu, akiniita wifi, akimwita mzee Babu Bao.

"Lanzhi," mzee akasema, "karibu u—"

"Lanzhi amekufa! Naitwa Weihong." Akageukia wenzake. "Mnamwona? Bado anataka kutuita kwa majina ya maua."

Walimvua mzee viatu, wakamsimamisha ukutani chini ya saa. Wengine wakapanda ghorofani, tukasikia masanduku yanapinduliwa. Kijana mmoja mrefu akawa anagonga kuta kwa fimbo ya mwanzi, anasikiliza palipo wazi. Wakamleta Mama Wu awe shahidi wa jirani. Alisimama kizingitini akipangusa mikono kwenye aproni, hali mikono ilikuwa mikavu.

"Mama, usiogope," Lanzhi akamwambia. "Nyumba hii ilikuwa imejaa vasi. Mimi nilizihesabu nikiwa mtoto. Leo iko moja. Zimekwenda wapi?"

Nilimtazama Mama Wu. Yeye hakunitazama. Nilihisi mkojo unataka kunitoka.

"Amezivunja," akasema.

Lanzhi akamsogelea.

"Nani?"

"Huyu mzee. Mwenyewe, kwa mkono wake. Nimeona vipande kwa macho yangu, vyekundu, vyeupe, ndoo nzima, mke wa mwanawe amekwenda kuvimwaga mtoni." Sauti yake ikapanda. "Mnasema vitu vya kale vivunjwe, si ndivyo? Kavunja kabla hamjaja. Sasa mnataka nini tena, avunje na meno yake?"

Vijana wakatazamana. Mmoja akacheka. Niliona fimbo ya yule mrefu inashuka. Kile tulichokificha kwa hofu ndicho kilichosimama sasa kututetea, na mimi nilikuwa sijajua kama nishukuru au nilie.

Lanzhi ndiye hakucheka. Akaelekeza kidole mezani.

"Basi amalizie."

Mzee Bao akaenda mezani peku. Aliichukua ile vasi kubwa kwa mikono miwili, kama alivyoichukua kila mara, mmoja chini, mmoja shingoni. Ndani mlikuwa na maji, maana siku zote aliweka maji hata kama hakuna ua. Akatazama huku na huku atafute pa kuyamwaga. Mpaka leo hilo ndilo linalonikaba: aliogopa kulowesha sakafu.

"Tupa!" wakapiga kelele. "Tupa! Tupa!"

Akaiachia. Ilipasuka miguuni pake, maji yakaenda hadi kizingitini. Akataka kurudi ukutani, akakanyaga kipande. Hakulia. Tuliona tu maji yanageuka rangi.

"Na za shaba?" Lanzhi akauliza. "Zilikuwa mbili. Nilizishika. Mwaka mpya wa juzi zilikuwa na matawi ya mplamu."

"Nimezitupa mtoni," mzee akasema.

"Hata shaba?"

"Hata shaba."

"Kesho tutaingia na nyavu mtoni. Tusipozikuta, Mzee Bao, utatembea mji mzima kama Xu."

Walitafuta tena. Walichimbua jivu la jiko, wakamwaga mchele, wakainua mbao za sakafu. Hawakupata. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na hawa walikuwa watoto, walikuwa hawajala tangu asubuhi. Yule mrefu akaniamuru nilete uji. Uji ulikuwepo. Nikaupakua kwenye mabakuli.

"Uji mtupu?" mmoja akasema. "Hata kitoweo hakuna?"

"Haradali ya nyumba hii haina mfano," Lanzhi akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyemjua. "Ngojeni. Najua mtungi ulipo."

Akaingia jikoni, nami nikamfuata mbio. Akainua kifuniko, akatoa mawe, akachota bakuli limejaa. Majani yalikuwa yameiva kijani ya ajabu, kijani ya kupendeza. Wenzake walikuwa wanapiga vijiti vya kulia kwenye mabakuli huko sebuleni, wanaimba. Lanzhi akachukua jani moja kwa vidole, akaliinua.

Nitakuambia kilichopita kichwani mwangu, maana kilipita. Nilifikiri: akila, na wenzake wakila, watakwenda. Mto utatafutwa kesho na nani? Kisha nikafikiri: wakifa, watajua wamekula wapi, na sisi wote tumekwisha. Lakini naapa mkono wangu haukungoja mawazo hayo yaishe. Nilimwona ana miaka kumi na mmoja, amekaa kwenye kigoda kile cha jikoni, anasubiri nimkatie majani vipande vidogo. Nikapiga mkono wake. Jani likaruka. Bakuli likaanguka, likapasuka.

"Usile!"

"Unafanya nini wewe?" Akashika mkanda wake.

"Usile, Lanzhi. Nakuomba. Yameharibika. Usile, wala wenzako wasile."

Lanzhi akanusa vidole vyake. Shaba ina harufu yake, kama damu mdomoni, na huyu mtoto alikuwa amecheza na vasi zile. Akageukia mtungi. Akakunja mkono wa shati juu, akaingiza mkono wote, mpaka bega. Niliona uso wake ulivyobadilika mkono ulipofika chini. Mkono ukasogea upande mmoja, ukasimama. Ukasogea upande wa pili, ukasimama tena.

Amezipata zote, nikajua. Nikakaa chini.

Sebuleni mtu akaita, "Weihong! Tunakufa njaa!"

Alikaa vile, shavu lake limegusa ukingo wa mtungi, macho yamenielekea. Midomo yake ilicheza, kama anataka kuuliza kitu. Halafu akavuta. Maji ya kijani yakamwagika, na vasi moja ikatoka, majani yameing'ang'ania.

"Imepatikana!" akapaza sauti. "Moja iko hapa! Majani yameoza, hayaliki, acheni!" Na akarudisha mawe kwenye mtungi, moja, jingine, akafunga kifuniko kwa nguvu.

Kelele zilizozuka sijawahi kusikia tena, na ndani yake hakuna aliyeuliza ya pili. Walimfunga mzee vasi ile kifuani kwa kamba, nzito kama mtoto wa mwaka, wakamtoa nje peku na mguu wake unaovuja damu. Nilikimbia nyuma yao. Kwenye kila kona ilibidi atamke kosa lake. Watu walisimama milangoni na nyuso zao zimefungwa kama madirisha. Lanzhi alikwenda mbele akipiga upatu, wala hakugeuka hata mara moja. Lakini mzee alipoteleza kwenye daraja, na yule mrefu akainua fimbo, nilimsikia anasema, "Mwache, twende, mkutano unaanza." Wakamwacha pale. Vasi wakaondoka nayo, ikapelekwa kuyeyushwa pamoja na kengele na masufuria ya mji.

Mimi na Mama Wu tulimbeba hadi nyumbani, kila mmoja akiwa na bega lake. "Mwepesi kama tofu ya jana," Mama Wu akasema, akaanza kulia. Tulimtoa vigae mguuni kwa kibano cha nyusi. Yale majani niliyazika mbali na kuku. Vasi iliyobaki niliifukia chini ya zizi la nguruwe, na nilipomwambia kwamba moja imebaki, mzee aliitikia kwa kichwa tu. Hakuuliza ni wapi. Aliishi miaka mitano zaidi. Hakuwahi tena kuweka maua ndani ya nyumba, na akisikia kiganja mlangoni, hata kama ni Shiheng amerudi likizo, alisimama na kuvua viatu.

Mama Wu hakuulizwa tena. Lanzhi walimpeleka mashambani kaskazini, mbali, kama walivyopelekwa vijana wengi.

Nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye. Tulikuwa wote watu wazima, tumekaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya, kila mmoja na karatasi yake ya namba. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alinitambua kabla sijamtambua. Moyo wangu, mjinga huo, ulianza kukimbia kama siku ile.

"Wifi," akasema, akitazama mikono yake. "Mguu wa Babu ulipona?"

"Ulipona."

"Alikuwa anachechemea?"

"Siku za mvua."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Muuguzi akaita namba yake, naye akainuka, akaingia.